Nusu ya Jioni

Louvain, 12 Oktoba 1963

Mama Agnès mpenzi,

Usishtuke kwa unene wa bahasha. Siumwi, wala siombi picha nyingine ya mtoto, ingawa ukinitumia sitakataa. Naomba majani. Umesoma vizuri. Mume wako amekaa darasani miaka kumi na tisa, mwezi wa saba wakampa udaktari kwa makofi na divai, na sasa anamwandikia mke wake kuomba majani ya muhogo.

Wamenipa nafasi hapa maabara kwa mwaka mmoja, nifanye utafiti wangu mwenyewe, si wa kutahiniwa tena. Nataka kujua jani la muhogo linapika chakula kiasi gani kwa siku moja ya jua letu. Maana jani ni jiko, Bertille. Ndani ya kila seli yake mna chembe za kijani. Jua likiwaka, chembe hizo huchukua maji na hewa zikatengeneza wanga, na usiku wanga huo hushuka kwenda kwenye mizizi tunayokula. Hapa nina mihogo kumi na minne kwenye nyumba ya vioo, na kila nikiitazama naona haya. Jua la huku linatosha kusomea gazeti tu.

Utaratibu ni huu, uufuate kama unavyopima kitambaa cha mteja. Chagua mihogo ishirini katika shamba letu la ng'ambo ya daraja la Lukuga, ufunge kila mmoja uzi mwekundu, na iwe hiyohiyo mpaka mwisho. Unajua jani la muhogo lina vidole. Saa kumi na mbili asubuhi kata vidole vya upande mmoja. Vya upande wa pili viache kwenye mti vifanye kazi ya mchana, uvikate saa kumi na mbili jioni. Mwombe baba yako, Papa Barthélemy, lile koleo lake la kutobolea tiketi za treni, utoboe vipande vya ukubwa mmoja, hamsini kila mara. Vitumbukize palepale shambani kwenye termosi ya maji yaliyochemka, la sivyo jani litaendelea kula chakula chake lenyewe. Nyumbani vikaushe karibu na makaa ya mbabula, lakini visiungue. Bahasha ya asubuhi andika A, ya jioni andika J. Mimi nitapima. Uzito uliozidi ndio kazi ya siku nzima.

Usiniibie hata nusu saa. Saa zikiwa za uongo, hesabu yote ni ya uongo, na atakayesimama mbele ya watu kuisema ni mimi.

Na ahadi yangu ya siku ile uwanja wa ndege iko palepale. Kukitokea fujo yoyote huko, niandikie, nami nitapanda ndege wiki hiyohiyo.

Wako,
Isidore


Albertville, 24 Novemba 1963

Papa Agnès,

Sasa mtaa mzima unajua kwamba nimeolewa na mwendawazimu. Jana pale bombani Mama Henriette, huyu jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema mbele ya ndoo zote: «Huyu mwanamuke anakata majani ya sombe nusu-nusu, hapike, anatuma Ulaya na posta! Njo dawa gani hii?» Nikamjibu: «Bwana yangu anakulaka na macho.» Walicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikalia kidogo, kwa sababu ni miaka mitatu sasa unakula kwa macho, na Agnès anakujua kwa picha tu.

Pakiti tatu hizi hapa. Tumegawana kazi. Asubuhi nakwenda mimi kabla ya kukaa kwenye cherehani, jioni anakwenda Papa. Ungemwona! Tangu apate pensheni ya treni alikuwa anakaa barazani akikosoa saa za meli. Sasa saa kumi na moja kamili amevaa kofia, termosi ameifunga kitambaa, koleo liko mfukoni. Mama anamwambia umri huu si wa kukimbizana na majani. Yeye anamwambia kwamba Daktari anangoja.

Anataka nafasi hapa chini, nampa.

Bertille

Mukwe wangu Isidore, miye Barthélemy. Niko nakata majani yako saa kumi na mbili kamili, hapana dakika moja juu, hapana moja chini. Miaka makumi mbili na nane nilipimaka treni ya Kabalo, sitashindwa na muhogo. Soma sana.


Louvain, 8 Januari 1964

Mama Agnès mpenzi,

Pakiti sita zimefika, na nimepima mpaka vidole vimekufa ganzi. Safi kabisa! J imezidi A kila siku, na imezidi karibu sawasawa. Profesa ameuliza mafundi wangu ni akina nani. Nimemwambia ni mshona nguo mmoja na kontrola mmoja wa treni. Amesema anawataka wote wawili hapa maabara.

Mwambie Papa kwamba vipande vyake ni vizuri kuliko vyako. Usinune, ni mizani iliyosema. Mwambie pia aendelee kuniandikia chini ya barua zako. Nimewasomea mistari yake Emile na wenzetu wengine wa nyumbani walioko hapa, nao wamemwita Mkuu wa Stesheni ya Muhogo.

Isidore


Albertville, 2 Machi 1964

Papa Agnès,

Pakiti ya saba mpaka ya kumi na nne hizi hapa. Ya tisa haina J. Mvua ilinyesha ikaharibu kila kitu, itupe. Tangu hapo jioni nakwenda mimi, maana miguu ya Papa imevimba na daktari amemkataza kutembea. Anakusalimu.

Hapa ni salama. Agnès ameng'oka jino. Niwie radhi kwa ufupi, nina nguo za komunyo nyingi za kushona.

Bertille


Louvain, 18 Aprili 1964

Mama Agnès mpenzi,

Kaa chini kwanza, maana mimi nimeshindwa kukaa tangu Jumanne.

Kuanzia pakiti ya kumi, J bado inazidi A, lakini inazidi kwa nusu tu ya ilivyokuwa Novemba. Nimepima mara tatu, na Profesa mwenyewe amepima. Ni kama jani linafanya kazi mpaka adhuhuri, kisha linafunga jiko na kukaa bure mpaka jioni. Unaelewa maana yake? Tukijua kwa nini linafunga, tutatafuta muhogo usiofunga, na huo utazaa mizizi zaidi katika shamba lilelile. Hakuna aliyewahi kuonyesha jambo hili kwa muhogo wa kwetu.

Tarehe 9 Julai nitalisoma Bruxelles, mbele ya wataalamu wa nchi saba. Likipita, Profesa ananipa miaka miwili tena, na safari hii wewe na Agnès mtaletwa kwa gharama ya maabara. Nimeshaanza kutazama nyumba yenye dirisha la kusini.

Lakini kwanza nataka neno lako la maandishi. Je, saa hazikubadilika? Papa alikuwa mtu wa dakika, nawe nakujua, ukikaa kwenye cherehani unasahau hata chungu jikoni. Niambie kweli, sitakasirika.

Isidore


Albertville, 6 Mei 1964

Papa Agnès,

Saa ni zilezile. Asubuhi kumi na mbili, jioni kumi na mbili. Soma bila wasiwasi.

Dirisha la kusini ni zuri. Agnès anauliza kama Ulaya kuna mbuzi.

Bertille


Louvain, 3 Juni 1964

Bertille,

Wiki nzima nimekuwa kwenye hadubini. Nilikata vipande vyako vyembamba sana nikavitia iodini, ambayo huugeuza wanga kuwa wa rangi ya wino. Nikachukua na majani ya mihogo yangu ya hapa, niliyoyakata kila baada ya saa mbili toka asubuhi mpaka jioni, nione chembe za kijani zinavyojaa. Zinajaa polepole siku nzima. Na hazifungi jiko saa yoyote.

Katika vipande vya Papa vya Novemba chembe zimejaa wanga mpaka zimevimba. Katika vyako vyenye alama J, wanga umefika nusu, kama jani lililokatwa mchana, kati ya saa sita na saa nane. Vyote ni hivyo, Bertille! Hata kimoja hakikuona machweo.

Kwa hiyo ulikuwa unakata mchana ukiandika jioni. Tangu pakiti ya kumi. Kisha nikakuuliza, ukanidanganya kwa mkono wako mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu ya nguo za watu? Kwa sababu umechoka na mimi na majani yangu? Ungesema tu. Nimejiona mpumbavu, nikirukaruka mbele ya Profesa kwa ajili ya uvivu wa mke wangu.

Redio inasema kulikuwa na fujo Albertville mwishoni mwa Mei. Wewe unaniandikia habari za mbuzi. Sijui tena niamini nini.

Isidore


Albertville, 13 Juni 1964

Papa Agnès,

Barua hii anaibeba Mama Dorothée, anayeuza dagaa Kigoma, aitie posta ya Tanganyika. Posta ya hapa imefungwa.

Umeniita mvivu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Sasa nisikilize.

Tangu Januari kuna askari darajani. Saa nane daraja linafungwa, na anayeonekana ng'ambo baada ya hapo si mtu tena. Sisi wanawake wenye mashamba tunavuka alfajiri kwa kundi na kurudi kwa kundi saa saba. Kwa hiyo nilikata saa saba nikaandika J. Mihogo ya hapa uani ningeweza kuikata jioni, lakini ulitaka ileile yenye uzi mwekundu. Na ningeacha kabisa, ungeuliza kwa nini. Ningekuambia kwa nini, ungepanda ndege. Uliahidi, nami nakujua, ungepanda kweli.

Ukipanda unafika wapi? Hapa vijana waasi wanamtafuta mtu mwenye miwani. Wanamtafuta mwenye kalamu mfukoni, karani, mwalimu, kila aliyekula na Wazungu. Wiki mbili zilizopita walimtoa mwalimu wa Agnès nyumbani kwake, na hajarudi. Sasa vijana wengine wanakuja kutoka kaskazini, na askari wenyewe wameanza kuvua sare. Wewe ungefika na sanduku lako la vitabu na udaktari wako! Nilitaka ukae huko ulale vizuri. Ndiyo maana nilidanganya, na nikitakiwa nitadanganya tena.

Nakuomba jambo moja tu, Isidore, na sijawahi kukuomba kwa magoti. Usiseme. Tarehe 9 Julai simama ukasome kwamba jani linafunga jiko saa saba. Uongo wa majani utamwua nani? Ukisema kweli watakunyang'anya nafasi, na bila nafasi huna kibali, na bila kibali watakurudisha hapa. Acha jani liseme uongo, wewe ubaki hai.

Papa miguu yake bado. Anakusalimu.

Bertille


Louvain, 11 Julai 1964

Mke wangu,

Natuma hii Kigoma kwa jina la Mama Dorothée. Redio imesema mji umeangukia mikononi mwa waasi. Sijui kama utaisoma, wala kama kuna mtu wa kuisoma. Naandika kwa kuwa nisipoandika nitapiga kelele barabarani.

Naanza na msamaha. Neno lile nililolitumia, nalitamani lirudi kinywani mwangu. Wewe ulikuwa unavuka daraja lenye bunduki kwa ajili ya nyuzi zangu nyekundu, na mimi nakuita mvivu. Nimemwonyesha Emile barua yako. Alikwenda jikoni akanipikia.

Sasa lililo zito. Nimesema.

Nilijaribu kukutii. Usiku wa tarehe nane nilikuwa na hotuba yote tayari, na michoro. Asubuhi nikasimama, nikatazama ile safu ya J, nikaona siwezi. Watu wangejenga juu yake, Bertille. Wangekuja vijana wengine kutafuta kwa nini jani linafunga jiko, wakapoteza miaka yao wakitafuta kitu ambacho ni askari darajani. Nikawaambia kwamba saa si za kweli, na kosa ni langu kwa sababu niliamini bahasha. Sikutaja jina lako. Mwenyekiti akamwita anayefuata.

Profesa hakunigombeza. Amesema nimefanya vema, na kwamba nafasi yangu inaisha tarehe 30 Septemba. Kibali nacho kinaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo nakuja. Nitashuka Dar es Salaam, nitapanda treni mpaka Kigoma, natumaini kufika tarehe 12 Oktoba. Nikifika nitatafuta mashua ya kuvukia.

Kwa kuwa mimi nimesema kweli yangu, nipe na wewe yako yote. Papa Barthélemy yuko wapi? Tangu Novemba hajaandika hata mstari, yeye aliyekuwa akiomba nafasi chini ya barua. Mtu mwenye miguu iliyovimba bado ana mikono.

Isidore


Albertville, 14 Septemba 1964

Isidore,

Mama Dorothée amenipa barua yako jana. Aliificha ndani ya gunia la chumvi wiki sita. Tuko hai, mimi na Agnès na Mama. Waasi walikaa hapa toka Juni mpaka mwisho wa Agosti. Sasa askari wa serikali wamerudi, na wao wanauliza kila mtu kwa nini yeye hakuuawa. Mama Henriette walimchukua mume wake Jumapili. Nimeficha picha zako zote, hata ile ya joho.

Kama unasoma hii peke yako, acha hapa. Kamwite Emile akae karibu nawe. Unajua desturi yetu. Mtu aliye mbali peke yake haandikiwi msiba. Anangojwa afike, anapewa kiti, anaambiwa na wakubwa huku watu wamemshika mabega. Mimi nimeingoja siku hiyo tangu Januari. Lakini umeuliza, na umeuliza kwa namna ambayo nikinyamaza tena utakuwa ni uongo mwingine.

Papa amekufa. Amekufa tarehe 19 Januari, siku ya pakiti ya tisa. Hapakuwa na mvua.

Askari walikuwa wamefika darajani siku mbili kabla, ila walikuwa hawajaanza kulifunga saa nane. Nilimwambia: «Papa, leo hapana, wacha.» Akaniangalia kama abiria asiye na tiketi. «Saa kumi na mbili njo saa kumi na mbili. Bwana yako anangoya.» Akaondoka na kofia yake. Alifika shambani, akakata, na alikuwa anarudi. Termosi ilikuwa imefungwa kitambaa kama kawaida, na mkono mwingine alishika lile koleo. Giza lilikuwa linaingia. Walimpigia kelele aweke chini vitu vyake. Labda hakusikia vizuri, au labda hakutaka maji yamwagike. Walidhani amebeba bomu.

Mimi nilifika kwanza. Nilichukua termosi, nikachukua koleo, nikatoa na mabaki ya majani mfukoni mwake, nikavitupa vyote mtoni kabla Mama hajafika. Koleo lililotoboa vipande vya baadaye niliazima kwa fundi viatu.

Kesho kutwa yake nilikwenda kukata. Ukitaka kujua nilikuwaje, nilikuchukia. Kila kipande nilichotoboa nilikuchukia, wewe na jua lako na jiko lako la jani, na usiku nikaomba Mungu usije ukajua ukarudi ukafa na wewe. Ilikuwa hivyo mpaka Machi hivi. Sasa nimechoka kukuchukia, na nikisikia jina lako bado moyo unashtuka vilevile. Sina la kufanya nalo.

Uliyoyasema Bruxelles sikuyataka. Nimekasirika kwa siku nzima. Lakini leo asubuhi nilimwambia Agnès kwamba baba yake alisimama mbele ya nchi saba akasema kweli, na nilipokuwa nalisema hilo nilikuwa nimesimama wima.

Sasa sikia mpango. Usitafute mashua. Mama Dorothée anatuvusha wiki ijayo, mimi, Agnès na Mama, na tutakungoja Kigoma kwa dada yake, nyuma ya soko. Uje hapo, usifike huku.

Limebaki moja. Mama hajui kwa nini Papa alikuwa ng'ambo jioni ile, maana nilimwambia kwamba kazi ya majani ya jioni tuliiacha askari walipofika. Anaamini alikwenda kumwona rafiki yake wa zamani wa treni, na kila siku anamlaani huyo rafiki kwa kumchelewesha. Wewe anakuombea. Anasema afadhali Papa hakuona vita hivi, na afadhali Mungu alimpa mkwe msomi atakayemtunza uzeeni. Ameshakushonea shati.

Utakaposhuka treni yeye ndiye atakayekukumbatia kwanza. Mimi sitamwambia, na sitakuzuia. Wewe ndiye msema kweli, Isidore. Utamwambia mwenyewe, au utanyamaza kama mimi.

Mke wako,
Bertille